Hatua Hamsini Kutoka Kwenye Matete

NURDIN NA MWENZA, UTALII NA MALAZI
Katesh, Hanang
9 Septemba 2024

Katibu,
Kikundi cha Kulinda Korongo,
Tlawi, Mbulu.

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA KUSHIRIKIANA NA KIKUNDI CHENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni yetu hupokea wageni wanaopanda Mlima Hanang na wanaokwenda kutazama flamingo kwenye ziwa la chumvi upande wa Balangdalalu. Ofisa wanyamapori ametueleza kwamba wanakijiji wa Tlawi mmeunda kikundi cha kulinda korongo wenye taji wanaotaga kwenye tindiga lenu, bonde lile la majimaji, na kwamba ndege hao wanapungua kila mwaka kwa sababu tindiga linalimwa na kukanyagwa na ng'ombe.

Tunaomba tushirikiane. Ninyi mlinde viota. Sisi tulete wageni wachache, kwa utaratibu mtakaoupanga ninyi. Tutajenga pia birika la kunyweshea mifugo kule juu kwenye mteremko, ili ng'ombe wasiwe na sababu ya kushuka tindigani. Lipo shirika la kuhifadhi ndege huko Arusha ambalo limekubali kuja kuwafundisha watu wenu kuhesabu ndege na kuongoza wageni.

Naomba mtujibu kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bi. Shamsia Nurdin
Meneja

N.B. Baba, shikamoo. Ni mimi, Marieta. Barua tatu nilizokuandikia tangu niolewe hukuzijibu. Hii nimemwandikia Katibu, na Katibu hana ruhusa ya kuacha barua ya ofisi bila jibu. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo darasa la sita.

*

Kikundi cha Kulinda Korongo
Tlawi
20 Septemba 2024

Bi. Shamsia Nurdin,
Katesh.

YAH: OMBI LA KUSHIRIKIANA

Barua yako ya tarehe 9 Septemba imepokelewa kutoka kwa dereva wa Noah ya abiria na kusomwa mbele ya wanachama.

Wanachama wana maswali. Kwanza, wageni wachache ni wangapi? Kwa watu wa magari, hata thelathini ni wachache. Pili, magari yataishia wapi? Udongo wa kule chini ni laini na ndege wana masikio. Tatu, nani atakayewaambia watu waache viazi vyao? Kaya kumi na moja zina vipande ndani ya tindiga. Mimi ninayeandika nina kipande, tena kile cha karibu kabisa na matete, nilichoachiwa na marehemu baba yangu. Kiangazi kila kitu kikikauka huku juu, kipande hicho ndicho kinachotulisha.

Tunahitaji majibu, si maneno matamu.

Kuhusu maneno yaliyoandikwa chini ya sahihi yako: kikundi hakina utaratibu wa kushughulikia maneno yaliyo chini ya sahihi.

Mwl. Yohanes Tluway (mstaafu)
Katibu

*

Katesh
28 Septemba 2024

Ndugu Katibu,

YAH: MAJIBU YA MASWALI YENU

Wageni wasizidi wanane kwa siku, na siku zisizidi mbili kwa wiki. Magari yataishia barabarani kwenye kanisa. Kutoka pale watatembea kwa miguu, na atakayelalamika tutamwambia mlima wa Hanang unapandwa kwa miguu pia.

Kuhusu viazi, sina jibu zuri. Ofisa anasema korongo hawatagi ikiwa mtu analima karibu na matete. Anapendekeza hatua hamsini. Ndani ya hatua hamsini kusiwe na jembe, ng'ombe wala mgeni. Wenye vipande hivyo wapewe maji ya bomba kutoka kwenye birika jipya ili waweze kumwagilia bustani kule juu. Birika na bomba ni kazi yetu, na tutaianza kabla mgeni yeyote hajafika. Msituamini kwa maneno. Njooni muone birika.

Ni haki mjue pia tulivyowahi kukosea. Miaka minne iliyopita, kule Balangdalalu, madereva wetu walikuwa wakiendesha magari hadi ndani ya ziwa lililokauka ili flamingo waruke na wageni wapate picha. Mimi nilijua na nilinyamaza, kwa sababu wageni walifurahi. Msimu uliofuata flamingo hawakutua upande ule. Wafugaji wa pale ndio waliotusimamisha, wakakaa nasi, tukaandikiana mkataba. Mmoja wao, Mzee Gidabuday, yuko tayari kuja kuzungumza nanyi kama mtampa nauli na chai.

Shamsia Nurdin

N.B. Tuna binti. Ametimiza miaka mitano. Nilidhani Mama angekuwa amekwambia, lakini nadhani anaogopa. Anaitwa Mariamu. Mimi na Nurdin tulitafuta jina ambalo watu wa kwao na watu wa kwetu wangeliita bila kujikwaa.

*

Tlawi
18 Novemba 2024

Bi. Shamsia,

YAH: MAKUBALIANO

Nakutumia nakala ya makubaliano. Kijiji, kampuni yenu na shirika la Arusha wote wamesaini. Mwenyekiti wetu, Mama Getruda, amebonyeza dole gumba ingawa anajua kuandika. Anasema dole gumba halighushiwi.

Mkutano ulikuwa mgumu. Watu walisema birika limeshajengwa, maji yanatoka, basi tuchukue maji na viazi tubaki navyo. Ndipo Mzee Gidabuday akasimama na fimbo yake. Akasema, "Mimi nina ng'ombe. Simpendi ndege kuliko ng'ombe. Lakini nilipolitoa zizi langu pembeni mwa ziwa, wageni walikuja, na wageni ndio walioleta kisima, na ng'ombe wangu leo wanakunywa kwenye kisima. Sasa niambieni nilipoteza nini." Alizungumza vizuri kuliko mimi.

Tulipopiga hatua hamsini, zilizopimwa kwa miguu ya mwanachama wetu Gerald ambaye ni mrefu, kipande changu chote kiliangukia ndani. Nilisaini wa kwanza ili wengine wasione aibu. Viazi vilivyomo ardhini vimeruhusiwa kuchimbwa hadi tarehe 31 Desemba tu. Baada ya hapo, mtu akiingia amevunja makubaliano, awe yeyote yule.

Mwl. Y. Tluway
Katibu

N.B. Mariamu ni jina zuri.

*

Katesh
13 Januari 2025

Ndugu Katibu,

Tumefurahi kusikia korongo wawili wamejenga kiota kwenye matete na wanaatamia mayai mawili. Wageni wetu wa kwanza watafika Jumamosi tarehe 25. Ni sita, wengi wao wazee, watulivu. Wataongozwa na Alex wa Masakta, kijana wetu mwaminifu kuliko wote. Atasimama nao kwenye kichuguu mlichokichagua na hawatavuka kamba.

Mimi sitakuja. Watu wa shirika wananiuliza kwa nini meneja hafiki mahali anapopeleka wageni. Nimewaambia nina kazi nyingi ofisini. Ukweli ni kwamba sijui kama natakiwa kufika Tlawi, na sitaki kusimama kwenye ua wa nyumba niliyozaliwa nikiwa mgeni wa saba.

Shamsia

*

Kikundi cha Kulinda Korongo
Tlawi
3 Februari 2025

Bi. Shamsia Nurdin,
Katesh.

YAH: KUSIMAMISHWA KWA ZIARA

Unaarifiwa kwamba Jumapili tarehe 26 Januari, siku moja baada ya ziara ya wageni wenu, kiota cha korongo kilikutwa kimeharibika. Yai moja lilikuwa limevunjika na la pili lilikuwa baridi. Ndege wameondoka.

Wanachama waliokaa kikao cha dharura wameona kwamba uharibifu huo umetokana na ziara. Kwa mujibu wa kifungu cha saba, ziara zote zimesimamishwa. Mkutano mkuu wa tarehe 22 Februari utaamua kama kampuni yenu itaendelea kuwa mshirika au itaondolewa. Mna haki ya kujieleza kwa maandishi.

Barua hii imeandikwa kwa maagizo ya kikao.

Mwl. Y. Tluway
Katibu

*

Tlawi
6 Februari 2025

Marieta mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua inanyesha vizuri. Nakutumia gunia hili la viazi kwa dereva wa Noah. Usimlipe, nimeshamalizana naye. Mpelekee mama mkwe wako Bi. Mwamvita sehemu yake, mwambie ni vya tindigani, havina nyuzinyuzi. Mariamu mchemshie na ganda, ndivyo ulivyokuwa ukipenda.

Nakuandikia kwa sababu nina wasiwasi na baba yako. Hali chakula. Anakaa kwenye kiti chake na daftari la kikundi mbele yake, haandiki. Nimemwuliza kama anaumwa, amesema anafikiri. Tangu lini mtu akifikiri akaacha ugali?

Ilianza siku ya viazi hivi. Desemba aliugua mgongo, unakumbuka nilikueleza tulipokutana mnadani Dongobesh, kwa hiyo vya upande wa matete vilibaki ardhini. Basi Alhamisi ile kabla ya wageni wenu, alfajiri, akamchukua punda akaenda. Nikamwambia, baba Marieta, mgongo haujapona, acha vioze. Akasema hawezi kuacha chakula kioze ardhini, atachimba haraka kabla watu hawajaamka. Alirudi jua limeshatoka. Punda alikuwa na tope hadi tumboni na majani ya matete yamejisokota kwenye kamba yake. Baba yako hakuniamkia. Alimwaga viazi uani akaenda kunawa miguu, akanawa muda mrefu sana. Tangu siku hiyo hajavigusa. Nikivipika, anakula mboga peke yake.

Nadhani ni hasira za kustaafu. Au anakukumbuka. Zamani mwezi huu ndio mlikuwa mnakwenda wawili kuhesabu ndege.

Nitakuja tena siku ya mnada. Mlete mtoto.

Mama yako,
Genoveva

*

Katesh
10 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Viazi vimefika. Asante. Mama mkwe amefurahi, anakuombea.

Mama, barua hii uisome peke yako. Baba haumwi, wala hana hasira. Nadhani najua kilichompata. Habari kwamba korongo wamepoteza kiota umeisikia, kijiji kizima kimeisikia. Wanasema ni wageni wetu. Lakini Alex aliniambia siku ileile ya Jumamosi, aliporudi, kwamba wageni walisikitika: walisimama kwenye kichuguu saa mbili nzima, na korongo wote wawili walikuwa wakizungukazunguka ng'ambo, hakuna aliyekuwa ameketi kwenye kiota. Kiota kilikuwa kimeshaharibika, Mama. Kiliharibika Alhamisi. Kwa ulivyoniandikia, punda aliingia kwenye matete.

Usimwambie kwamba umenieleza. Hukujua, na huna kosa.

Nimemsomea Nurdin barua yako. Akasema, "Basi tumetoka. Waandikie alichosema Alex, na watu wachunguze." Nikamwambia siwezi. Unajua Baba alivyo. Miaka thelathini na minne ya kufundisha, kijiji kizima kimepita kwenye fimbo yake na chaki yake. Yeye ndiye aliyesaini wa kwanza. Wakijua ni yeye, atakufa akiwa hai. Nurdin akasema, "Na Alex je? Unamnunulia baba yako heshima kwa jina la Alex."

Ni kweli. Nilimwita Alex nikamweleza ninachotaka kufanya. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, kule Masakta mama yangu atasikia kwamba mwanawe ameua ndege aliowekwa kuwalinda." Nimemwahidi nitaandika kwamba kosa ni langu, si lake. Aliondoka bila kuaga. Sijawahi kumwona hivyo.

Huenda ninakosea. Lakini kwa miaka sita nimetafuta kitu cha kumfanyia Baba ambacho hawezi kukirudisha. Barua alizirudisha. Hata washenga wa Nurdin aliwarudisha bila kuwapa maji. Hiki hatajua kwamba amepewa, kwa hiyo hatakirudisha.

Mwanao,
Marieta

*

NURDIN NA MWENZA, UTALII NA MALAZI
Katesh
11 Februari 2025

Ndugu Katibu,

YAH: MAELEZO YETU KUHUSU KIOTA

Barua yenu ya tarehe 3 Februari imepokelewa.

Sisi ndio tuliokosea. Mwongozaji wetu hana lawama, alifuata maagizo aliyopewa na meneja, na maagizo hayo hayakuwa makini. Lawama ni yangu. Tunaomba radhi kwa kikundi na kwa kijiji.

Tunakubali kukaa nje ya tindiga msimu mzima. Birika na bomba vibaki kwa wananchi, lolote mtakaloamua. Tunaomba pia mafunzo ya shirika la Arusha yasisimame kwa sababu yetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bi. Shamsia Nurdin
Meneja

*

Tlawi
24 Februari 2025

Mwanangu Shamsia,

Barua hii haina kichwa cha habari. Mimi si Katibu tena, kwa hiyo naandika kama mtu tu.

Nilipofika kwenye maneno "sisi ndio tuliokosea", niliweka barua chini. Mtu asiyejua kitu angejitetea. Angeandika kurasa tatu, angeleta mashahidi. Wewe ulikuwa na shahidi, maana lazima Alex aliona siku ya Jumamosi kwamba ndege hawakuwa kwenye kiota, na hukumtumia. Nikasema, huyu anajua. Nimemwuliza mama yako, akalia, akanipa barua uliyomwandikia. Usimkasirikie.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Nilikwenda kuchimba viazi tarehe ambayo mimi mwenyewe niliikataza. Nilijiambia ni nusu saa tu. Punda nilimfunga kwenye kijiti. Nikiwa nimeinama nikasikia mabawa, nikainuka, nikaona amekikokota kijiti amezama kwenye matete, na korongo wawili wako hewani wanapiga kelele. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote. Nilipofika kwenye kiota yai moja lilikuwa chini ya kwato. Lile jingine lilikuwa bado la moto. Nililishika mkononi, Shamsia. Nilisimama pale kwenye maji nikiwa nimelishika, sijui nilitegemea nini. Halafu nikalirudisha, nikachukua viazi vyangu nikaondoka.

Jumapili kiota kilipoonekana, Gerald akasema, "Ni wageni tu hawa." Watu wote wakasema ni wageni. Mimi sikusema. Nilifungua daftari nikaandika walichosema. Nilijiambia kwamba katibu kazi yake ni kuandika.

Juzi Jumamosi mkutano mkuu umekaa. Watu walikuwa wengi hadi nje. Mama Getruda alisoma barua yako. Kuna waliosema mfukuzwe, na waliosema aliyekiri asamehewe. Wakaanza kubishana. Nikasimama.

Nikasema, "Mwenyekiti, ondoa barua hiyo mezani. Ni ya uongo."

Akasema, "Mwalimu, anayeandika uongo wa kujiumiza mwenyewe ni nani?"

Nikasema, "Ni binti yangu."

Watu waligeuka kunitazama. Gerald, unamjua hana breki mdomoni, akasema, "Mwalimu, wewe ulituambia huna binti."

Nikawaambia nilidanganya. Nikawaambia na habari ya punda. Nilitaja siku na saa, kama nilivyokuwa nikiwataka ninyi mtaje darasani. Nilipomaliza, nikakaa bila kuruhusiwa.

Ukatibu wamenivua, na ni haki. Nimepewa adhabu iliyo kwenye makubaliano: nitapanda matete kwenye kipande changu chote hadi mpaka wa hatua hamsini, kwa mikono yangu. Ushirika na kampuni yenu umepitishwa kuendelea, na watu wote walinyoosha mikono. Mama Getruda amesema safari hii hata wanakikundi watakaguliwa, si wageni peke yao. Alex nimemwandikia barua yake mwenyewe ya kumwomba radhi, na nakala ameipeleka Mama Getruda kwa mtendaji wa Masakta, isomwe mbele ya watu, mama yake aisikie.

Sasa lile jingine. Ulipoolewa niliona umetuacha. Umeacha kanisa, umeacha jina nililokupa, umekwenda kwa Waislamu, watu wa duka. Jina lako jipya nililiandika kwenye barua za kikundi kama mtu anayemwandikia mgeni. Leo nimeliandika kwa sababu ni lako. Marieta nitaendelea kukuita nikisahau, nisamehe.

Zile barua tatu sikuzirudisha zote. Ya pili nilibaki nayo. Nimeisoma mara nyingi, karatasi imekatika kwenye mkunjo.

Na mwaka juzi nilipokuja Katesh kwa ajili ya karatasi za pensheni, nilisimama ng'ambo ya barabara mbele ya ofisi yenu. Ulikuwa unamfunga viatu mtoto mlangoni. Nilikaa pale hadi mlipoingia ndani. Basi likaniacha.

Najua pia kwamba mama yako haendi Dongobesh kununua chumvi. Nyumba hii ina chumvi ya kutosha ng'ombe mia.

Mfungo wenu unaanza mwisho wa wiki hii, na Kwaresma yetu siku chache baadaye, kwa hiyo mwaka huu tutafunga pamoja. Mkimaliza, njoo na mtoto. Mvua itakuwa imekolea, utelezi mwingi, mvae viatu vya mpira.

Baba yako,
Yohanes

*

Katesh
10 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Tumefika salama. Mariamu bado hajaacha kusimulia. Amemwambia bibi yake Mwamvita kwamba babu ana shamba la majani na anayapanda mistari kama ya daftari. Amekataa tufue gauni lake kwa sababu lina tope la kwenu.

Baba, siku zile tatu sitazisahau. Ulipokuja hadi barabarani kutupokea na mwavuli mmoja, ukamfunika mtoto peke yake na sisi wawili tukalowa, nilifurahi kulowa. Sijui kama uliona.

Kuna jambo moja, nakuambia kwa sababu sasa tunaambiana. Mama aliniuliza kwa nini Nurdin hakufika, nikasema ana wageni wa mlimani. Hakuwa nao. Alituendesha hadi kanisani, akashusha mizigo, akageuza gari kabla hujafika barabarani. Nilimwomba asubiri japo akusalimie. Akaniambia, "Soma tena barua ya mzee. Inasema wewe na mtoto. Mimi si mtu wa kuingia nyumba ya watu kwa kujipenyeza." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatazama usukani.

Sikuandikii ili ujisikie vibaya. Ndiye aliyesema tujenge birika kwanza kabla hatujaleta mgeni yeyote. Ndiye aliyenisukuma niandike kwa Katibu, wakati mimi nilikuwa nimekata tamaa.

Ofisini kwetu mambo yanakwenda. Alex amerudi kazini, amebandika barua yako ukutani juu ya meza yake. Amenichekea jana kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Binti yako,
Shamsia (na Marieta, ukisahau)

*

Tlawi
22 Aprili 2025

Kwa Nurdin,
Katesh.

Mkwe wangu,

Pokea salamu zangu. Mimi ni Yohanes, baba wa mkeo. Hatujawahi kuzungumza, na kosa hilo ni langu. Ulipowatuma wazee wako hapa miaka sita iliyopita, walikaa juani na sikuwapa hata maji. Naomba uwafikishie radhi zangu, nami nitawafuata mwenyewe, mmojammoja, uniambie tu wanakaa wapi.

Katika barua niliyomwandikia binti yangu, niliandika "njoo na mtoto". Nilikaa na kalamu pale muda mrefu. Sikukusahau. Niliona haya kuandika jina la mtu niliyemkosea, nikaona ni rahisi kuliacha. Ndivyo nilivyofanya kwenye kiota pia, nikakaa kimya nikaona yatapita.

Sasa nakuandikia habari za huku. Wale korongo wawili hawakurudi kutaga msimu huu. Mama Getruda anasema tungoje mwaka kesho. Lakini upande wa kaskazini, mbali na mashamba, Gerald ameona jozi nyingine ina vifaranga wawili, wamevaa manyoya ya rangi ya mchanga na wanakimbia kwenye majani. Wanahesabu watu wetu waliofundishwa na wale wa Arusha, na mimi wameniruhusu nishike daftari, chini ya uangalizi. Wageni wenu wa wiki iliyopita waliwaona wote. Mama mmoja mzungu alilia. Matete niliyopanda yameshika.

Ofisa anasema vijiji viwili vya jirani vinataka kuingia kwenye makubaliano haya, na wanataka mtu wa kampuni aje awaeleze. Wamekutaja wewe. Mkutano ni Jumamosi tarehe 3 Mei. Usiishie kanisani na gari. Kuna njia inayofika hadi uani kwangu, nimeijaza mawe sehemu zenye tope.

Pasaka imepita juzi. Tulikula wali na maharage. Jogoo wetu mkubwa yupo, tumemfunga chini ya ghala. Mama Marieta alitaka nimchinje sikukuu, nikakataa. Nimemwambia atachinjwa kwa mkono wako, siku utakayokuja, ili tule wote kwenye sinia moja.

Wako,
Yohanes Tluway